Nilikaza Nati, Nikamwachia Binamu Aibu

Nimekosa. Naanza kwa kusema hivyo kabla sijajitetea, maana nikianza kujitetea huwa simalizi.

Mimi ni mama wa watoto wakubwa, nalima mpunga kijijini Mamba. Baba yangu, Mungu amrehemu, aliniachia trekta kuukuu ambayo wanaume wa pale kijijini waliitabiria kufa mwaka uleule aliokufa yeye. Haikufa. Naiendesha mwenyewe, nalimia mashamba yangu na ya majirani, na naringa nayo, sitaki kudanganya.

Fundi wangu ni mtoto wa shangazi yangu. Yuko Kibaoni, gereji yake ni kibanda cha mabati kando ya barabara. Humu nitamwita Binamu tu. Kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, na matusi yetu ndiyo salamu. Siku ya harusi yangu alikalia kiti cha bwana harusi akagoma kuinuka mpaka apewe jogoo. Naye alipougua malaria hadi akalazwa, nilimpelekea jembe hospitalini, nikamwambia aanze kuchimba kaburi lake mwenyewe kwa sababu mimi nina kazi nyingi. Nesi alitaka kunifukuza. Mgonjwa alicheka mpaka dripu ikachomoka.

Basi mvua za kwanza ziliponyesha, klachi ya trekta ikachoka. Injini inanguruma, lakini trekta haina haraka ya kwenda popote. Binamu akaja na jeki na magogo yake, akaitenganisha injini na giaboksi, trekta ikabaki vipande viwili uani kwangu kama mkate. Akatoa pleti ya zamani iliyokwisha, akafunga mpya, akaunganisha kila kitu. Kisha akaniita, akashika mkono wangu akauweka kwenye pedo ya klachi. Mwanzoni ilikuwa imelegea, inashuka bure tu, halafu ndiyo ikawa nzito.

"Hapo palipolegea usipaguse," akasema. "Pedo ikikosa nafasi hiyo, klachi haipumziki, itaungua."

Nikamwambia sasa inabidi nikanyage mpaka chini kabisa, na mguu haufiki vizuri. Ndugu zangu, nilimpa mpira akiwa mbele ya goli tupu!

"Pedo haina shida, binti mjomba. Mjomba alikuachia trekta, akasahau kukuachia miguu."

Majirani waliokuja kutazama wakacheka. Mimi pia nikacheka, lakini ilinichoma kidogo, maana ni kweli mimi ni mfupi na siku hiyo sikutaka kukumbushwa. Kesho yake nikachukua spana, nikalegeza nati ya ile fimbo inayovuta klachi, nikaizungusha na kukaza mpaka ulegevu wote ukaisha. Pedo ikawa inashika juujuu. Miguu yangu ikafika! Nikajiona fundi kuliko mafundi.

Hazikupita siku nyingi. Nilikuwa shambani kwa jirani, plau imezama ardhini, injini ikaanza kupiga kelele na trekta ikasimama. Harufu ikapanda, ile ya kitu kinachoungua ambacho bei yake unaijua. Nikajua palepale. Na hapa ndipo ubaya wangu ulipoanza, kwa sababu hadi hapo nilikuwa mjinga tu. Kabla hajafika mtu, niliirudisha nati mahali alipoiacha Binamu, nikafuta vumbi, nikakaa pembeni kama mfiwa.

Jumapili sokoni Kibaoni watu wakaniuliza mbona trekta imelala na majaruba yanajaa maji. Nikajibu kwa mdomo wangu mrefu kuliko miguu yangu: Binamu kala pleti mpya, kanifungia chapati. Walionifahamu walicheka, wakajua ni utani wetu. Lakini soko lina wageni. Wenye matrekta wa kutoka mbali hawajui nani mtani wa nani. Wao walisikia mteja akisema fundi ni mwizi.

Binamu alikuja tena na magogo yake. Aliifungua trekta, akaitoa pleti. Ilikuwa nyeusi. Nikasubiri anitukane, nilishaandaa na jibu. Hakunitukana. Aliigeuza pleti, akaangalia fimbo, akapima pedo kwa mkono, akaiona imelegea vilevile alivyoiacha. Akarudia kupima.

"Binti mjomba, mimi nimekosea wapi hapa?"

Aliniuliza mimi! Angeniuliza kwa hasira labda ningesema. Aliniuliza kwa unyonge, kama mtu anayeomba kusaidiwa. Nikamjibu, "Hata sijui, Binamu."

Akanunua pleti nyingine kwa gharama yake, akafunga, akaondoka bila kudai hata chakula. Mtu ambaye hajawahi kutoka kwangu bila kulalamika kwamba ugali wangu ni mbichi!

Nililima msimu wote kwa pleti aliyoinunua yeye. Kisha shangazi akaja kunitembelea. Katika maongezi akasema mwanawe siku hizi anawarudisha watu wa klachi, anawaambia watafute fundi mwingine, yeye atabaki na pancha na kubadilisha oili. Akasema nyuma ya nyumba ameweka klachi mbovu ya zamani, kila siku anaifungua na kuifunga, anaifungua na kuifunga. Shangazi anadhani ni kichwa kimeanza kumsumbua. Binamu mwenyewe alimwambia kwamba mikono imeanza kumwacha na anataka ajue imemwachia wapi.

Nililia mbele ya shangazi, yeye akadhani namwonea huruma mwanawe.

Asubuhi nikapanda trekta, plau ikiwa nyuma, nikaenda Kibaoni. Pale kibandani palikuwa na madereva wamekaa, nikaona ni vizuri, aibu niliyoitoa mbele za watu niirudishe mbele za watu. Nikasema wote wasikie: klachi niliiunguza mimi, nilikaza nati, kisha nikairudisha ili nisijulikane.

Wakacheka! Jamani, walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Mzee mmoja akasema angalieni mtoto wa mjomba anavyombeba mtani wake. Nikaapa kwa Mungu, wakazidi. Nani anamwamini mtani akiapa? Nilisema uongo wakaubeba mpaka vijiji vya mbali, sasa nasema kweli wananishangilia.

Binamu naye alitabasamu kidogo. "Asante, binti mjomba. Lakini usijisingizie kwa ajili yangu."

Nikachukua spana yake, nikapiga goti mbele yao, nikakaza nati kama nilivyokaza ile siku. Nikapanda, nikazamisha plau kwenye ardhi ngumu kando ya kibanda, nikaweka gia, nikaongeza moto. Injini ikapiga kelele, trekta ikasimama, harufu ikaanza. Vicheko vikaisha kimoja kimoja. Nilikuwa tayari kuiunguza yote, nawaambia kweli, hata nikose cha kulimia.

Binamu alikuja mbio, akapanda akazima injini. Alichukua spana mkononi mwangu, akainama, akairudisha nati taratibu mpaka pedo ikalegea inavyotakiwa. Aliposimama hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Uliniona naitilia shaka mikono yangu," akasema, "ukanyamaza."

Nilimwomba msamaha, akanisamehe, tena palepale. Nikapeleka mbuzi kwa shangazi, wakamla, wakasema yamekwisha. Wateja wamerudi, klachi anafunga kama zamani, na ile mbovu ya nyuma ya nyumba kaiuza chuma chakavu. Jina lake limepona, namshukuru Mungu.

Mnaolima kwa matrekta ya kizee, pedo ikilegea kidogo mwanzoni iacheni, na kama miguu haifiki wekeni mto mgongoni. Mimi sasa naweka mto. Na mnaopenda utani, tanianeni, lakini kosa lako usilifunike kwa utani, kwa sababu siku ukitaka kulifunua utakuta watu wanacheka.

Wiki iliyopita nilimpelekea trekta abadilishe oili. Nilimwambia amezeeka mpaka kibanda kinamwonea huruma. Nikasimama nangoja tusi langu. Akafuta mikono, akanivutia kiti nikae.

"Karibu, dada," akasema. "Habari za nyumbani?"

Kama una mtani anayekutukana, nenda kamshukuru leo. Wangu mimi ananiheshimu.