Watu Watano Wahesabiwe Watatu

Morogoro nilifundisha historia na uraia kwa miaka kumi na mmoja. Huku Landover, Marekani, nilipanga maboksi ghalani, na hakuna aliyeniita Mwalimu mpaka mchungaji wetu wa Hyattsville aliponiomba niwasaidie waumini waliokuwa wakijiandaa kwa mahojiano ya uraia. Tulikutana Jumamosi mchana, katika chumba cha chini ya kanisa. Wengi walikuwa Wakenya na Watanzania. Mkongo alikuwa mmoja tu, mama aliyesafisha vyumba vya hoteli kule Laurel.

Alinizidi umri. Kila nilipomwamkia shikamoo alicheka na kunijibu, "Jambo, Mwalimu," kwa sababu kwao salamu hiyo haipo. Alitoka Bukavu peke yake baada ya mumewe na kaka zake wawili kuuawa vitani. Hayo aliyasema siku ya kwanza, mara moja, na hakuyarudia. Binti yake alibaki Bujumbura, ameolewa, na mwenye kibali cha kuishi tu hawezi kumwombea mtoto aliyeolewa ruhusa ya kuhamia Marekani. Lazima kwanza awe raia.

Maswali yenyewe yalikuwa na majibu mafupi. Ningewakaririsha tu, ingetosha. Lakini nilikuwa nimekaa miaka bila darasa. Jumamosi moja niliweka karatasi pembeni nikaanza kuwasimulia juu ya wale mabwana waliojifungia Philadelphia kiangazi kizima, madirisha yamefungwa ili wa nje wasisikie, wakitunga katiba. Nikaeleza jinsi majimbo madogo yalivyoogopa kumezwa na makubwa, hadi kila jimbo likapewa maseneta wawili. Kisha nikafika kwenye majimbo ya kusini, yaliyotaka watumwa wao wahesabiwe ili yapate viti vingi bungeni, ingawa mtumwa mwenyewe hakuwa na kura. Nilichora watu watano ubaoni, nikafuta wawili.

"Wakakubaliana hivi," nikasema. "Kila watumwa watano wahesabiwe watatu. Na biashara ya kuwaleta isiguswe kwa miaka ishirini. Bila hivyo kusini wangejitoa, na nchi isingepatikana."

Dada mmoja Mkenya, mhudumu wa wazee, akatazama saa yake. "Mwalimu, hiyo iko kwa test?"

"Haipo."

"Basi twende mbele. Naingia kazi saa kumi."

Yule mama hakuondoa macho ubaoni, akauliza kwa Kiswahili cha kwao Bukavu. "Mwalimu, bale batano, kuko mwenye aliitwa mule ndani? Kuko mwenye balimuuliza?"

"Hapana, Mama. Hakuna."

"Na hii katiba, ni ile ile banafuata mupaka leo?"

"Ni ile ile. Kifungu hicho cha kuhesabu kiliondolewa baadaye, baada ya vita vya kaskazini na kusini."

"Kwetu pia bakubwa balikaa ku hoteli. Balisema, bila benye bunduki amani haiwezekane. Basi benye baliua bwana yangu balipewa vyeo. Ile njo baliita kupatana."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Somo lilikuwa limeingia. Furaha hiyo nilikuwa nimeikosa tangu nitoke nyumbani.

Siku ya mahojiano yake niliomba ruhusa kazini nikampeleka kwa gari langu. Alitoka mapema kuliko nilivyotarajia, akaingia, akafunga mkanda.

"Nimeanguka," akasema.

Afisa alikuwa binti mpole, alinieleza, na alianza na maswali mepesi kuhusu bendera. Mama akayajibu. Ndipo akaulizwa katiba ni nini.

"Jibu nilijua. Sheria kubwa ya inchi. Lakini niliona bale babili ulifuta. Mudomo ilikataa kufunguka." Hata maswali yaliyofuata hakuyajibu tena.

Walimpa nafasi ya pili. Nilikwenda mara tatu kwenye nyumba aliyopanga na ile karatasi ya maswali, nikimsihi.

"Mama, ni maneno tu. Yaseme, utoke, binti yako aje."

"Hata kule kwetu balinileteya karatasi," akasema. "Baliniambia ni maneno tu, weka sahihi, sema umesamehe." Hakuniambia kama aliiweka. Akaniandalia chai, nami nikainywa.

Asubuhi ya miadi nilisimamisha gari mbele ya jengo lake. Nilipiga simu, haikupokelewa. Nilimwona dirishani ghorofa ya pili, amevaa nguo za kazi, akaniangalia. Kisha akavuta pazia. Nilingoja mpaka saa ya mahojiano ikapita, halafu nikaenda ghalani nimechelewa.

Baada ya miezi michache aliacha kazi hotelini akahamia jimbo jingine. Nambari yake ya simu ilikufa. Nikikutana na Wakongo huwa naulizia. Mmoja alinihakikishia kwamba binti yupo bado Bujumbura.

Darasa niliendelea nalo. Sasa nasoma swali, wanajibu, nasoma linalofuata. Mtu akiuliza kwa nini, namwambia hilo haliulizwi. Wanafaulu, karibu wote, na kila anayeapishwa huniletea keki na picha yake ameshika kibendera. Yule dada Mkenya aliniambia, "Siku hizi unafundisha poa, Mwalimu." Nilimshukuru. Nikakunja viti, nikafuta ubao ambao sikuwa nimeandika kitu juu yake.