Fromage ya kwenye ubao

Vita ilikuwa imefunga barabara, nami nilikuwa nakula katika mgahawa mmoja wa Butembo. Mwalimu mmoja, mgeni kutoka Kasai, aliagiza viazi vya fromage, yaani jibini, kama ubao wa chaki ulivyoandikwa. Akafunua juu kwa uma, akakuta boga lililopondwa na poireau, vile vitunguu vya majani.

«Mama, fromage iko wapi?» akamwuliza mwenye mgahawa.

«Papa mwenye kutuletea alishuka Kayna, kule kwenye vita, hayarudia. Kula tu, boga ni nyepesi kwa tumbo.»

Akala, akamaliza.

«Ni tamu. Lakini, futa basi fromage kwa ubao.»

Mama akainua sahani taratibu.

«Nikifuta, nimemuzika ule papa. Na mwili yake hatuyaona.»

Mwalimu akaomba sahani ingine ya fromage. Nami nikaomba hiyohiyo.