Behewa Lililochoka Kungoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika stesheni ya Kamina nikiwa na diploma ya sekondari ndani ya bahasha, viatu vya mjomba miguuni, na hakika moja kichwani: kwamba nitapewa kiti. Nilikuwa nimesoma hesabu na fizikia, na nilidhani mtu wa namna hiyo hukalishwa mezani, karibu na dirisha. Shefu Manevri, yaani mkubwa wa wale wanaopanga mabehewa na kuyaunga kabla treni haijaondoka, aliipokea bahasha, hakuifungua, akanirudishia. Kisha akanitia mkononi kipande cha mti mgumu chenye pembe tatu, cheusi kwa mafuta.

"Hii njo kiti yako," akasema. "Unaona? Iko ya weye na wago."

Ile ilikuwa kabari. Wago ni behewa, kwa lugha yetu ya relini. Behewa likisimama, kabari husukumwa chini ya gurudumu upande wa mteremko, lisipate wazo la kuondoka.

"Minyi sikuulizi mambo mingi," Shefu Manevri akaendelea. "Kitu chenye kinasimama, kisimame. Basi. Weye ulisoma, utaweza?"

Vijana, niwaambie ukweli: sijaona kazi nyingine duniani iliyonifaa kama hiyo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Ndugu zangu walikwenda Lubumbashi, wengine Kolwezi, mmoja alifika mpaka ng'ambo na anatutumia picha za theluji. Mimi hata nikitumwa sokoni naanza kukumbuka mlango wetu kabla sijafika kwenye muhogo. Na sasa bwana mkubwa ananiambia nitalipwa ili vitu visiende popote! Nilirudi nyumbani jioni ile nikamwambia mke wangu kwamba serikali hatimaye imetambua kipaji changu.

Lakini kazi ilikuwa na hofu yake, na hofu hiyo niitaje mapema. Uwanja wa mabehewa pale Kamina ukiutazama utasema uko sawa kama meza. Hauko sawa. Reli zimeinama kidogo, kidogo sana, kuelekea Bukama. Na ukishapita pale reli za mwisho zinapoungana, njia inaanza kushuka kweli kweli, inashuka na kupinda mpaka bondeni kwa Lualaba. Behewa likipita pale peke yake, bila injini, hakuna miguu ya mtu itakayolifikia. Na mabehewa yetu hayakuwa matupu. Treni ilikuwa ikisubiriwa siku nyingi, wakati mwingine juma zima na zaidi, na wasafiri walihamia ndani. Walipika humo, walilala humo, walifunga kamba ya nguo kutoka behewa moja hadi jingine. Behewa lililosimama muda mrefu, watu wa kwetu wanalihesabu kuwa nyumba. Basi kila tulipoweka kabari tulijua tunashikilia nyumba ya mtu.

Shuleni, padri aliyetufundisha fizikia aliandika ubaoni kwamba kitu kilichotulia hubaki kimetulia mpaka nguvu ikisukume, na kinachokwenda huendelea kwenda mpaka nguvu ikizuie. Niliinakili nikapata alama nzuri, na sikuelewa chochote. Nilielewa uwanjani. Behewa lililojaa mahindi, watu sita wakilisukuma kwa mabega, halijibu. Wanasukuma, wanatukana, wanapumzika, wanasukuma tena. Halafu linasogea kiasi cha kucha, kiasi cha kiganja, na hapo Shefu Manevri anapiga kelele: "Toka mbele! Wote toka mbele!" Kwa maana ule ubishi wa kuanza ndio ule ule ubishi wa kusimama. Wenye vitabu wanauita inersha. Kadiri kitu kinavyokuwa na masi, yaani wingi wa kile kilichokijaza, ndivyo kinavyoshikilia hali yake. Kikiwa kimekaa, kinataka kukaa. Kikiwa kinakwenda, usikiombe.

Mke wangu alipolisikia somo hilo alinitazama nilivyojinyoosha mkekani, akasema, "Sasa ninajua ugonjwa yako iko na jina."

Miaka ya katikati walinihamishia Bukama. Nilihuzunika kama mtu anayepelekwa mwezini, ingawa ni safari ya treni tu. Kule kuna joto, kuna mbu, na kila kitu kinanuka samaki, hata mishahara. Mkubwa wangu alikuwa Shefu wa Bandari, mtu mrefu aliyezungumza kama anaogopa kumaliza maneno. Nilidhani masi ni uzito tu, ni kule kulemea begani. Siku moja mashua kubwa ya chuma ilikuwa inaelea karibu na gati, na maji yameibeba yote. Niliweka mkono na kuisukuma nione. Haikusogea. Nikabaki nimeegemea, nikipiga porojo, na baada ya muda nikaona maji yanapanuka kati yangu na mashua. Ilikuwa imeondoka. Kisha kamba ikaivuta, ikaanza kurudi, nami nikanyoosha mkono niipokee.

"Tosha mukono," akasema Shefu wa Bandari, yaani niutoe.

"Iko inakuya polepole, Shefu."

"Polepole njo ile ile ilivunja yangu." Akanionyesha kidole kilichopinda.

Hapo nikajua kwamba maji yalichukua uzito wa ile mashua, lakini masi yake hayakuigusa. Ilibaki na ubishi wake wote. Nikaomba kurudi Kamina, wakakubali upesi kuliko nilivyotarajia. Sikuuliza kwa nini.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Tulikuwa na desturi hii: behewa hushikwa na vitu viwili, breki ya mkono na kabari. Breki ya mkono ni gurudumu dogo la chuma nyuma ya behewa, unalizungusha na linabana magurudumu ya chini. Ikitangazwa kwamba injini inakuja kuunga, zamu iliyoko kazini hulegeza breki mapema, kwa kuwa huwa zimeota kutu na zinachelewesha. Kabari hubaki mpaka mwisho, hutolewa pale mnyororo unapofungwa. Asubuhi ile injini ilitangazwa, zamu ya kwanza ikalegeza breki ya behewa la mbele, lile la upande wa Bukama. Kisha injini ikaitwa kwingine, na breki hakuna aliyeikaza tena. Mambo ya kawaida. Kabari ilikuwa pale, na kabari haijawahi kumkosea mtu.

Ndani ya behewa lile, juu ya magunia, walikuwa wanaishi wasafiri wa Bukama. Saa ile wote walikuwa wameteremka kwenda sokoni isipokuwa bibi mmoja, ambaye sisi sote tulimwita Kambo, kama tunavyowaita bibi na babu zetu hapa. Alikuwa mama mkwe wa askari wa Base, kambi ya jeshi ya hapa Kamina, alikuja kumwona binti na wajukuu, na sasa alitaka kurudi kwake. Kila asubuhi alituuliza, "Leo inaenda?" Kila asubuhi tulimjibu, "Labda kesho, Kambo." Naye alijibu, "Kesho yenu iko na miguu mbaya."

Nilikuwa nimekaa kivulini, nikitimiza wajibu wangu wa kutulia, nilipoona kamba ya nguo inakazika. Shati la mtu likanyooka mikono yote miwili kana kwamba linaitwa mbele ya darasa. Kamba ikakatika. Nguo zikaanguka. Nikatazama magurudumu, na yalikuwa yanazunguka.

Nilipiga kelele sijui neno gani. Shefu Manevri akatoka mbio kibandani, akanirushia sabo, kile kiatu cha chuma kinachowekwa juu ya reli ili gurudumu likipande na kukwama papo hapo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria: behewa likitoroka, weka sabo. Nikakimbia. Mimi, ambaye tangu ubatizo sijakimbia hata mvua. Behewa lilikuwa bado kwenye mwendo wa mtu anayetembea kwenda kanisani kwa kuchelewa kidogo, na nililipita, nikainama mbele yake niweke kile chuma.

Nikamwona Kambo mlangoni. Alikuwa amekaa juu ya gunia, mwiko mkononi, na mbele ya magoti yake mbabula, lile jiko letu la mkaa, na juu ya mbabula sufuria ya maji inatokota kwa ajili ya bukari, yaani ugali. Akaniona na mimi. Uso wake ulikuwa na furaha ya harusi.

"Baba, imekubali!" akaniita. "Baki muzuri! Salimia bote!"

Nilibaki na chuma mkononi. Behewa lingekwama papo hapo, hilo halina shaka. Lakini sufuria isingekuwa na habari na sabo. Maji yangeendelea na safari kama padri alivyoandika ubaoni, yote, pamoja na moto, mpaka kwenye mapaja ya yule bibi. Na mbele yangu nilikuwa naziona zile reli za mwisho zinapoungana. Nikiacha sabo na breki ikanikatalia, hakuna mwingine atakayelifikia.

"Weka sabo!" Shefu Manevri analia nyuma. "Weeeka!"

Nikaitupa. Nikangoja sehemu ya nyuma inifikie, nikashika chuma cha ngazi, nikajivuta juu kwa namna ambayo tumbo langu bado linaikumbuka. Gurudumu la breki lilikuwa na kutu. Nikalizungusha kwa mikono, halafu kwa kifua. Halikutaka, halafu likataka kidogo. Nikasikia mlio chini, mwembamba, kama wa mbuzi. Sikulikaza lote. Kidogo, ngoja. Kidogo, ngoja. Miti ilikuwa inapita polepole, halafu polepole zaidi, halafu mti mmoja ukaja mbele yangu ukakataa kupita. Tulikuwa tumesimama. Magurudumu ya mbele yalikuwa pale pale reli zinapoungana.

Nilikalia kile kijukwaa cha nyuma penye breki. Nilicheka, nadhani. Hewa iliingia kifuani kama vile nilikuwa nimeizuia tangu siku ile ya diploma.

"Nani amesimamisha?" ikaja sauti ya Kambo kutoka ndani, ya hasira kabisa. "Juma zima ninangojea! Wago inakubali kwenda, na bantu banakataza?"

Nikachungulia. Maji yalikuwa bado sufuriani. Yalikuwa yanatikisika tu.

Shefu Manevri alifika anahema, uso wa majivu. Akainama chini ya magurudumu, akainuka. "Kambo, kabari iko wapi? Kale kamuti kalikuwa hapa chini?"

"Kale keusi?" Kambo akaelekeza mwiko kwenye mbabula. "Kako mu moto. Mukaa ilikuwa na maji maji. Kale kamuti kako na mafuta, kanawaka muzuri sana. Munatoshaka wapi?"

Shefu Manevri aliketi juu ya reli. Mabega yakaanza kumtikisika, na sikujua analia au anacheka mpaka alipoinua kichwa. "Mama, umepika na breki yetu! Umetembeza wago, karibu ufike Bukama bila mashini!"

"Minyi?" Kambo akashangaa. "Minyi nilikuwa nimeikala tu pa gunia. Hata sikutikisika. Gare yenu, hii stesheni, njo ilianza kwenda."

Alisonga bukari kwa yale maji, na sote tukala pale pale, wafanyakazi na wasafiri waliorudi sokoni wakakuta nyumba yao imehama. Treni iliondoka naye siku iliyofuata. Baada ya muda msimamizi wa treni alituletea samaki wakavu waliofungwa kwenye majani, na salamu: "Kambo anasema alifika, na anasema mujifunze kuchonga kabari ya mawe."

Sasa nimestaafu. Nyumba yangu iko karibu na njia ya reli, na kazi yangu ni kukaa mbele ya mlango, kazi niliyoifanyia mazoezi miaka mingi. Mjukuu wangu anamaliza sekondari, na vitabu vyake vimekwenda mbali kuliko vya padri. Nilimsimulia habari za Kambo nikitegemea acheke. Hakucheka.

"Lakini, kambo, ule mama alisema kweli," akaniambia. "Mwendo ukiwa sawa, bila kutikisika, hakuna mutu anaweza kusema kwa hakika nani anasimama na nani anakwenda. Ni kwa kulinganisha tu. Hata weye hapa, dunia inakubeba mbio."

"Minyi nimetulia," nikamjibu. "Dunia ifanye yake."

Akaniambia tena kwamba fizikia ya sasa imegundua kuwa masi yenyewe ni nishati iliyokaa: kitu chochote, hata kikiwa kimetulia kabisa, kina nishati nyingi ajabu ndani yake kwa sababu tu kina masi. Nilimwita mke wangu aje asikie. Alinipima kwa macho toka kichwa hadi tumbo. "Basi ndani ya hii nyumba tuko na umeme ya Kamina yote," akasema, "ni kupata tu wa kuiwasha."

Acha wacheke. Usiku nalala, vijana, na hilo ndilo nililotaka kuwaambia. Miaka yote ile baada ya Kambo, kila upepo ulipotikisa bati nilisikia magurudumu. Sasa nasikia bati tu. Nilipoaga kazi, Shefu aliyekuwepo aliniuliza nataka kumbukumbu gani, nikaomba kabari moja ya zamani. Ipo hapa, inashikilia mlango usijifunge. Mke wangu analijua sharti: mkaa ukilowa, na achome meza, na achome hata hiki kiti nilichokalia, mimi nitahamia mkekani. Ile kabari aiache pale ilipo.