Kovu la Ndani

Mama mkwe alikuja kutoka Mwala mimba yangu ya pili ilipokuwa kubwa. Hakuelewa kwa nini nipasuliwe tena ilhali kovu langu lilikuwa dogo, limelala kwa upana chini ya tumbo. Yeye alizaa watoto wake wote nyumbani. Alitaka nijaribu kusukuma.

Hata mimi nilitamani. Ila mtoto wangu wa kwanza alikuwa amekingama tumboni, na daktari aliyenipasua alinieleza kwamba mfuko wa uzazi wenyewe aliukata kwa urefu, hadi juu, ili amfikie. Akanisihi niliseme hilo nikishika mimba tena. Nililisema kliniki, hapa Machakos, siku ya kwanza.

Daktari wa hapa, mwanamke mpole, alimwomba mama mkwe tuingie naye.

"Mwaitu, kovu unaloona ni la ngozi tu," alimwambia, akimwita mama kwa Kikamba. "La ndani liko kivyake."

Akamweleza kwamba sehemu ya juu ya mfuko ndiyo inayokaza wakati wa uchungu, na kovu la huko linaweza kupasuka, mama na mtoto wakawa hatarini. Sehemu ya chini haina kazi nzito hivyo. Kwa hiyo tusingengoja uchungu uanze, na safari hii angekata chini, kwa upana. Mama mkwe hakubisha tena.

Asubuhi ya upasuaji nilidungwa sindano ya mgongo. Nilikuwa macho, pazia limenikinga nisione. Nilihisi kuvutwavutwa bila maumivu. Kisha daktari akamwita mwenzake aangalie.

"Mama, usiogope," akasema. "Kovu lako la zamani limekuwa jembamba kama karatasi ya nailoni. Naona mguu wa mtoto ukicheza. Tumewahi. Namtoa kupitia hapa chini, halafu nitalishona."

Machozi yalinitiririka hadi masikioni, nisiweze kuyafuta. Kabla hayajakauka, nilimsikia binti yangu akilia kwa hasira, kama aliyeamshwa usingizini.

Wodini nilimsimulia mama mkwe aliyoyaona daktari. Alimkumbatia mtoto.

"Na mimi nilikuwa nakwambia usukume," akasema polepole.

Nilimwambia tuko salama, sote wawili. Akavuta pumzi, akasema mtoto ana masikio makubwa ya babu yake. Nilicheka, mshono ukaniuma, nikacheka tena.