Mstari Ndani ya Ukungu

Mwenzangu mmoja kazini tunamwita Mkono, kwa sababu mkono wake hautetemeki. Kazi yetu ni kuchora. Tunaletewa picha za skani za vichwa vya watu, tunauzungushia mstari ukuta wa mshipa wa damu, kisha kompyuta inapitisha damu ya kubuni ndani ya umbo tulilochora na kutuambia kama uvimbe ulioota kwenye mshipa huo utapasuka. Watu wanadhani picha inaonyesha ukuta. Haionyeshi. Inaonyesha ukungu wa kijivu, na mchoraji ndiye anayekata shauri ukuta uko wapi.

Picha za kaka yake zilipoletwa, alipaswa kumwachia mtu mwingine. Alikataa katakata. "Kichwa cha kaka yangu nakijua mimi," alisema, nami sikubishana naye, maana akinuna hununa mpaka jioni.

Kwa desturi yetu kila picha huchorwa na watu wawili, bila kuchunguliana. Alipomaliza nikachora wangu, tukailaza mistari yetu pamoja. Wa kwake ulipita ndani ya wangu mzunguko mzima. Kwa mstari wake, kompyuta ilisema uvimbe uachwe. Kwa wangu, kichwa kifunguliwe haraka.

Alikodoa macho. "Nimeubana," alisema. "Nimeubana kwa sababu ni wake."

Akachora upya, ukatoka mkubwa kuliko wangu. Akafuta, akachora tena, ukarudi mdogo. Hapo nikauona mkono ule unatetemeka.

"Kwani wako ndio sahihi?" aliniuliza.

"Sijui, dada." Na kweli sikujua.

Daktari naye akanawa mikono. Upasuaji wenyewe unaweza kumpotezea mtu kauli, alisema, kwa hiyo mgonjwa achague mwenyewe.

Kaka mtu ni kinyozi, tena mtu wa mizaha. Alikuja akaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa. "Mkinipasua, kichwa nitakinyoa mwenyewe," alisema. "Ninyi mtaniharibia." Hatukucheka. Akaisogelea picha. "Mdogo wangu, ukuta wenyewe uko wapi hapa?"

"Uko humo humo kwenye kijivu."

"Humo wapi? Mimi nikichonga nywele za mtu pembeni, nywele naziona."

"Mimi siuoni, kaka."

Alimtazama dada yake, si picha. Nadhani alikuja akitaka aambiwe neno moja tu, lolote, na angelitii. Mkono akaigeukia picha. Kaka akainuka na kuchukua koti lake.

"Basi ngoja nirudi dukani," alisema. "Nimemwacha mteja nusu kichwa."

Hakurudi kupasuliwa. Tangu siku hiyo, Mkono humpigia simu kila asubuhi kabla hajashika kalamu. Kaka akichelewa kupokea, ananigeukia mimi, kana kwamba nina la kumwambia. Naomba tu mstari wangu uwe ndio wa uongo.