Kioo cha Masizi

Asubuhi ya siku jua lilipopatwa, mwalimu wa sayansi alipita hadi kwenye bani, mabanda yetu ya kukaushia tumbaku, huku Katumba. Akatueleza vizuri tu: mwezi utapita kati yetu na jua, lakini hautalifunika lote, utalimega upande. Kipande kitakachobaki kinaunguza macho vilevile. Toboeni tundu dogo kwenye boksi, akasema, lipeni jua mgongo, muangalie umbo lake likianguka chini.

Nikacheka. Nina mdomo mimi, Mungu anisamehe. "Mwalimu, sisi kila msimu tunachungulia moto wa bani tumbaku ikikauka. Macho yetu yameshaiva!" Watu wakaangua kicheko, naye akajiondokea.

Nikaokota kipande cha kioo, nikakipaka masizi ya bani hadi kikawa cheusi tii. Jua lilipoanza kumegwa nikachungulia kidogo, kisha nikampa mdogo wangu. Yeye ndiye aliyekuwa na jicho pale kwetu. Kwenye kupanga majani kwa rangi hakuna aliyemfikia, hata wazee wakibishana walimletea yeye jani aamue.

"Dada, mbona haliumizi?"

"Si nilikwambia? Angalia bwana, litaisha sasa hivi."

Akaangalia mpaka mwezi ulipomaliza kupita. Wachache waliokuwa na maboksi waliona vijua vyembamba kama mundu vimelala mchangani, wakarudi kazini na macho yao.

Kumbe ndani ya jicho hakuna maumivu. Masizi yanapunguza mwanga tu, mchomo wenyewe unapenya. Hayo niliyasikia hospitali, alipokuwa ameshaanza kulalamika kwamba kila anachokitazama kina doa jeusi katikati. Daktari akauliza kioo alikitoa wapi. Mdogo wangu akawahi: "Nilikiokota mwenyewe."

Nikanyamaza. Nyie, nilinyamaza kabisa! Nilimwogopa mama aliyekuwa amekaa kando, mtu mzima mimi, nikaacha uongo ule upite, hata akaamini kwamba mimi nilimkataza.

Doa halijaondoka. Siku hizi tunakaa mkeka mmoja kupanga tumbaku. Analishika jani, analiweka pembeni ya jicho, analigeuza, halafu ananipa. "Dada, hili rangi gani?" Namwambia.

Jana mama alisimama mlangoni akamgombeza tena. "Kiburi kimekuponza. Ungemsikiliza dada yako!"

"Ndiyo, mama," akaitikia mdogo wangu, akanipa jani lingine.