Meza za Bi Zuhura Kwenye Maegesho ya Iringa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mbeya, Mkuu wa Idara ya Mipango Miji hakunionyesha hata kiti changu. Alinizungusha mitaa ya sokoni mpaka adhuhuri, baridi ikitupiga.

"Rehema, ukichora barabara bila kujua nani anaitumia, umechafua karatasi tu," aliniambia.

Ndivyo nilivyoanza kazi ya afisa mipango miji: kuipanga ardhi ya mji ili kila mtu apate pa kupita, pa kuuzia na pa kupumzika.

Baada ya miaka mingi nilihamishiwa Iringa. Huko nilikutana na Bi Zuhura, mjane mwenye mgahawa mwembamba katikati ya mji. Chakula chake kilipendwa, ila ndani zilienea meza chache tu. Wateja walichungulia, wakaona pamejaa, wakaenda zao. Kodi ilianza kumshinda, na mwenye nyumba alishaanza kuwaonyesha wapangaji wengine kile chumba.

"Dada Rehema," Bi Zuhura aliniambia, "hapo mbele magari yanalala kutwa nzima. Hayali, hayanywi. Nipeni nafasi hiyo niweke meza."

Ombi lilikuwa geni. Maegesho ni sehemu ya barabara, na barabara ina sheria zake. Nikalipeleka kwa Mhandisi wa Mji, mtu mkali lakini msikivu.

"Gari likikosa breki?" aliuliza.

"Tutaweka kizuizi cha zege pembeni."

"Mvua je?"

"Meza zitakaa kwenye jukwaa la mbao lililoinuliwa. Maji ya mtaro yatapita chini."

"Na Mzee Kihwele?"

Mzee Kihwele alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi jirani na mgahawa, na malori yalimshushia saruji palepale. Alishasema mbele za watu kwamba meza zikiwekwa atazing'oa mwenyewe.

Nilimfuata dukani. Mara ya kwanza hakuniinulia hata uso. Nikarudi tena siku nyingine.

"Mimi na huyo mama hatuna ugomvi," alisema. "Lakini mzigo wangu nishushie wapi, kichwani?"

Lilikuwa swali la haki. Nikazunguka nyuma ya jengo lake, nikakuta uchochoro mpana uliojaa matairi na mbao mbovu. Nikamshauri Mhandisi tuusafishe, malori yashushie huko. Mzee Kihwele akasema atafikiri. Mhandisi akatoa kibali cha majaribio.

Meza hazikukaa sana kabla lori la saruji halijafika mchana, watu wakiwa wanakula. Dereva alizoea kuegesha hapo, akarudi nyuma bila kuangalia. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nikaona yote. Tairi likagonga zege, lori likakwama. Chai ilimwagika, bakuli likavunjika, basi.

Mzee Kihwele alitoka mbio, akamfokea dereva, kisha akaketi kwenye kiti cha Bi Zuhura.

"Kunywa maji, baba," Bi Zuhura alimwambia.

Alikunywa. "Mzigo wangu ungeua watu," akasema polepole. Akanigeukia. "Huo uchochoro ufungueni."

Kesho yake asubuhi tulikuwa huko na makoleo, naye akaleta vibarua wake. Kibali kikawa cha kudumu.

Sasa nimestaafu, naishi Ipogolo, bondeni chini ya mji wa Iringa. Vijana wa idara hunipigia simu: migahawa mingine imeomba, wenye maduka wamekataa. Nawaambia wasitafute kumshinda mtu. Wamuulize anachokiogopa, kisha wakitafutie dawa. Pengine mtaa ni mwembamba kweli, na jibu ni hapana. Lakini anayekataa akiwa ofisini, bila kwenda kuuona mtaa wenyewe, huyo simwelewi.

Juzi nilipanda mjini. Meza zote za Bi Zuhura zilikuwa na watu. Alitaka kumwinua kijana mmoja anipishe; nikamkataza. Nikapokea sahani yangu, nikaegemea ukuta, nikala nikiwatazama.